Shajara ya mradi: kufundisha uchanganyaji wa rangi kwa vitendo, Sinza

Shajara hii inafuatilia darasa la uchoraji la kila Jumamosi linaloendeshwa katika chumba cha ghorofani Sinza, Dar es Salaam, lenye wanafunzi kumi na wawili wa umri wa miaka 16 hadi 23. Wengi wao wana mkono mzuri wa penseli, na wawili wamewahi kukaa na wachoraji wa Tingatinga wakijifunza kazi. Kinachowapungukia ni kimoja: akitakiwa kutoa rangi ambayo haimo kwenye chupa, mwanafunzi hubahatisha, akaongeza hiki na kile mpaka sahani nzima ikawa tope. Nia ya mradi ni kuondoa kubahatisha huko kwa mazoezi ya mikono, na kuweka kumbukumbu ya kila hatua pamoja na gharama zake, ili mwalimu mwingine mwenye chumba kidogo na fedha kidogo aweze kuirudia kazi hii au kuirekebisha. Hatua zilizokwenda bila tatizo zimetajwa kwa kifupi. Zilizokwama zimeelezwa kwa kirefu, maana huko ndiko fedha na rangi zilikopotelea.

Jumamosi, 31 Mei 2025: vifaa na chumba

Swali la kwanza lilikuwa aina ya rangi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya mafuta yenye mng'aro juu ya mbao za dari, na wanaofuata nyayo zake wanaitumia hadi leo. Ni rangi ya bei nafuu na inang'aa vizuri, lakini brashi zake husafishwa kwa mafuta ya taa au thina, na watu kumi na watatu hawawezi kukaa saa tatu ndani ya harufu hiyo katika chumba chenye madirisha mawili. Tumechagua akriliki, ambayo huyeyushwa kwa maji ikiwa mbichi na haitoki tena ikishakauka.

Chupa nne za mililita 500 (njano, nyekundu, bluu na nyeupe) zimenunuliwa Kariakoo kwa shilingi 18,000 kila moja. Karatasi ishirini za manila zimegharimu shilingi 14,000, seti sita za brashi shilingi 36,000, na sponji, karatasi ya kuokea mikate pamoja na makontena ya chakula yenye mifuniko shilingi 19,000. Jumla ni shilingi 141,000. Sahani za kuchanganyia hazikununuliwa: ni vipande vya marumaru nyeupe vilivyobaki kwa fundi aliyekuwa akimalizia nyumba ya jirani. Vinafaa kuliko sahani za plastiki, kwa kuwa rangi iliyokauka juu yake hubanduka kwa wembe baada ya kulowekwa.

Kabla ya kununua chupa ya nyeupe tulijaribu rangi ya maji ya ukutani, ambayo ndoo yake ilikuwamo ndani tayari. Haikufaa. Rangi ya ukutani hujazwa unga wa chokaa ili iwe nzito na ifunike ukuta kwa bei ndogo, na unga huo hupausha kila kinachoguswa nayo. Nyekundu iliyotiwa kidogo tu ya nyeupe hiyo ilikauka ikiwa waridi lililokufa, lisilo na uhai wowote. Nyeupe ya akriliki yenye pigmenti (unga unaoipa rangi sura yake) ya titani ilitoa waridi safi kwa kiasi kilekile. Ndoo ya ukutani sasa inatumika kupaka manila tabaka la kwanza ili isinywe rangi, na kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Makontena na sponji ni kwa ajili ya joto letu. Akriliki iliyowekwa juu ya marumaru mbele ya feni huanza kuota ngozi kabla mwanafunzi hajaamua anataka nini. Sponji iliyolowa hulazwa ndani ya kontena, juu yake ikatandikwa karatasi ya kuokea iliyoloweshwa, na rangi ikawekwa juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda polepole na rangi hubaki laini. Mfuniko ukifungwa, rangi hukaa siku kadhaa, ingawa ikizidi hapo sponji huanza kuvunda na inabidi ifuliwe kwa sabuni.

Jumamosi, 14 Juni 2025: zambarau iliyokataa kutoka

Kwa kuwa Idi iliangukia mwisho wa wiki iliyopita, zoezi la kwanza limefanyika leo. Lilikuwa la kawaida kabisa: duara la rangi lenye njano, nyekundu na bluu, na kati yake rangi za upili, yaani zinazotoka kwa kuchanganya mbili kati ya hizo. Chungwa ilitoka vizuri. Kijani ilitoka nzuri kupita matarajio. Zambarau haikutoka kabisa. Meza zote zilitoa rangi ya damu ya mzee iliyoingiwa na majivu, na ilipozidishiwa bluu ikawa karibu nyeusi. Wanafunzi walidhani wamekosea vipimo, wakarudia na kurudia, na nyekundu ikashuka chupani kwa kasi.

Kosa halikuwa la vipimo, lilikuwa la chupa. Rangi ya kupaka haitoi nuru yoyote. Inameza sehemu ya nuru inayoipiga na kurudisha iliyobaki. Nyekundu tuliyonunua ni ile inayoelekea kwenye chungwa, yaani inarudisha nuru nyekundu na kumeza karibu bluu yote na kijani yote. Bluu tuliyonunua ni ile inayoelekea kwenye kijani, nayo inameza nyekundu. Ukizikutanisha, kila moja inameza kile ambacho mwenzake angerudisha, na kinachobaki kwenda machoni ni kiza. Ili zambarau itoke panahitajika nyekundu isiyomeza bluu, na nyekundu ya namna hiyo machoni haionekani nyekundu bali waridi kali: ndiyo majenta ya wachapaji.

Kuwaeleza wanafunzi hayo kwa maneno kungewachosha. Badala yake zilinunuliwa chupa tatu za wino wa printa za kujazia, za sayani (bluu ya wachapaji inayoelekea kwenye kijani), majenta na njano, kwa shilingi 12,000 kila moja, kutoka duka la vifaa vya ofisi. Matone machache ya kila wino yalitiwa kwenye gilasi yake ya maji, gilasi zikapangwa dirishani, na kila mwanafunzi akaangalia nuru kupitia gilasi mbili kwa pamoja. Njano na sayani zilitoa kijani, jambo lisilomshangaza mtu. Majenta na sayani zilitoa bluu iliyokolea yenye kuelekea urujuani. Lakini njano na majenta zilipotoa nyekundu, chumba kilipiga kelele, kwa sababu hao wote wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba nyekundu ni rangi ya msingi na haipatikani kwa kuchanganya.

Swali lililofuata lilikuwa la haki: “Mwalimu, kwa hiyo tulidanganywa?” Hawakudanganywa. Nyekundu, njano na bluu ni rangi za msingi kwa mchoraji asiye na majenta na sayani, na kwa karne nyingi wachoraji hawakuwa nazo. Walipiga hesabu zao kwa pigmenti walizokuwa nazo. Hata leo mtu anaweza kuchora maisha yake yote kwa nyekundu, njano na bluu bila shida, mradi asiahidi zambarau nzuri.

Tubu nne za akriliki ya majenta, za mililita 75, zimepatikana kwa shilingi 7,500 kila moja baada ya kuzunguka maduka kadhaa ya Kariakoo. Wauzaji wengi hawajui chupa ina pigmenti gani, na kwenye rangi za bei nafuu mara nyingi haijaandikwa. Zilizoandikwa hubeba alama ya kimataifa ya herufi na namba: PR122 ni majenta ya kwinakridoni, PB15 ni bluu ya fithalosayanini inayoelekea kwenye kijani, PB29 ni bluu ya ultramarini inayoelekea kwenye zambarau, PW6 ni nyeupe ya titani. Alama hizo zina maana kuliko jina zuri lililo mbele ya chupa. Ikiwa hazipo, jaribio la haraka ni kupaka rangi nyembamba sana juu ya karatasi nyeupe, au kuichanganya na nyeupe: mwelekeo uliojificha ndani ya rangi nzito hujitokeza hapo hapo.

Jumamosi, 21 Juni 2025: vipimo

Leo kila jozi ya wanafunzi ilitakiwa kutoa ngazi ya rangi kutoka njano hadi bluu, vyumba tisa, na kuandika kiasi kilichotumika katika kila chumba ili mwenzake aweze kukirudia. Njia ya kwanza ilikuwa kuhesabu matone kutoka mdomo wa chupa. Ilishindikana mara moja, kwa kuwa tone la rangi nzito ni kubwa kuliko la rangi nyepesi, na chupa iliyokaribia kuisha hutema hewa na rangi kwa pamoja. Njia ya pili, kijiko cha chai, ilipoteza rangi nyingi iliyoganda kijikoni.

Kilichofaa ni mabomba ya sindano ya mililita 5, bila sindano zenyewe, yanayouzwa duka la dawa kwa shilingi 300. Kumi na mawili yamegharimu shilingi 3,600. Mdomo wake ni mwembamba mno kwa akriliki nzito, hivyo hukatwa kwa wembe mpaka tundu lilingane na unene wa penseli. Kila bomba limefungwa utepe wa rangi yake na halitumiki kwa rangi nyingine. Baada ya darasa husukumwa maji ndani yake mara kadhaa, kisha bomba na mtwangio wake huachwa vikauke vikiwa vimetenganishwa, la sivyo asubuhi yake hauvutiki.

Vipimo vilipokuwa vya uhakika, tatizo la kweli likaonekana. Ngazi iliyokuwa na nusu kwa nusu katikati haikuwa na kijani katikati. Ilikuwa na bluu yenye ukijani. Bluu ya fithalosayanini, iliyoingia sokoni miaka ya 1930, ina nguvu kubwa ya kutawala, na sehemu yake moja humeza sehemu nyingi za njano. Kwa chupa zetu kijani cha katikati kilipatikana karibu na sehemu kumi za njano kwa sehemu moja ya bluu. Jozi zilizoanza na bluu kisha zikaongeza njano zilijikuta na lundo la rangi lisilofika popote, na chupa ya njano ilikwisha siku hiyo hiyo. Nyingine imenunuliwa kwa shilingi 18,000.

Kanuni iliyobandikwa ukutani tangu leo ni kwamba rangi yenye nguvu huingizwa ndani ya rangi dhaifu, kwa ncha ya kijiti, kamwe si kinyume chake. Bluu huingia kwenye njano, nyekundu huingia kwenye njano, na rangi yoyote huingia kwenye nyeupe. Ni kanuni ndogo, lakini imeokoa rangi kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu, na laiti ingebandikwa kabla ya chupa ya njano kuisha.

Tumeongeza pia tubu mbili za bluu ya ultramarini kwa shilingi 15,000. Si ya lazima kwa anayeanza, ila zambarau yake na majenta ni tamu sana, na kwa kuwa nguvu yake ni ya wastani, inawasamehe wanafunzi wenye haraka.

Jumamosi, 5 Julai 2025: nyeusi, na rangi ya mkono

Nyeusi haikununuliwa kwa makusudi, lakini wanafunzi wawili walikuja na zao, na zikatumika kuonyesha tabia yake. Njano ikitiwa nyeusi haiwi njano yenye kivuli. Inakuwa kijani cha zeituni. Nyekundu ikitiwa nyeusi hugeuka kahawia iliyofifia. Aliyezoea kuchora kivuli kwa kuchovya nyeusi huona picha yake imekufa bila kujua imekufia wapi.

Njia iliyofundishwa badala yake ni ya rangi kinzani, yaani zinazotazamana kwenye duara: chungwa na bluu, njano na zambarau, nyekundu na kijani. Kila moja humeza kile ambacho mwenzake anarudisha, hivyo kidogo cha moja hutuliza mng'aro wa nyingine bila kuiua. Mfano uliowaingia haraka ulitoka nyumbani: bluu ya unga ambayo bibi zetu waliitia kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe. Bluu hiyo ilitengenezwa kwa ultramarini, pigmenti ileile iliyomo kwenye tubu zetu, na kazi yake haikuwa kusafisha bali kuifuta njano ya kitambaa kilichozeeka, mpaka jicho likaliona shati jeupe. Ultramarini ya asili ilitwangwa kutoka jiwe la lajuardi la Afghanistan na bei yake ilikuwa ya kifalme. Iliyotengenezwa kiwandani ilipatikana Ufaransa mwaka 1828, na ndiyo iliyowezesha pigmenti hiyo kuishia kwenye beseni la kufulia.

Zoezi kuu la siku lilikuwa kutoa rangi ya ngozi ya mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Mengi ya maelekezo yanayopatikana huanza na nyeupe, kisha nyekundu kidogo na njano kidogo, kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya ngozi za Ulaya. Anayeanza hivyo kwa ngozi ya maji ya kunde au nyeusi atatumia nusu ya darasa akijaribu kuitia giza rangi ambayo haikupaswa kuwa nyeupe tangu mwanzo. Sisi tulianza kwenye kahawia: njano sehemu nne, majenta sehemu mbili na ultramarini sehemu moja. Kutoka hapo kila mmoja alielekea kwake, kwa njano zaidi, kwa majenta zaidi au kwa bluu zaidi, na nyeupe iliingia mwisho, kwa wachache, kwa ncha ya kijiti.

Jaribio la kulinganisha lilifanywa kwa vipande vya plastiki angavu vilivyokatwa kutoka jalada la faili. Mwanafunzi hupaka rangi ukingoni mwa kipande, akakilaza juu ya kifundo cha mkono, akautazama mpaka wa rangi na ngozi akiwa amefinya macho. Binti mmoja alikuwa amekaribia sana, lakini ukingo ulibaki ukionekana kwa namna asiyoweza kuieleza. Kila alipoongeza majenta ukingo ulizidi kujitokeza.

“Mwalimu, mbona inakuwa kama imeungua?”

“Umeona mkono wako una nini ambacho rangi yako haina?”

Alitazama kwa muda. “Kama kijani hivi. Lakini mkono hauwezi kuwa na kijani.”

Aliambiwa atie njano kidogo na bluu kidogo kuliko hiyo, aone. Alitia, akakoroga, akapaka ukingo mpya, na safari hii ilibidi ainamishe plastiki kwenye nuru ili aone rangi inaishia wapi. Baada ya hapo meza nzima ilianza kutafuta kijani kwenye mikono yao, na wengine wakaipata hata pale isipokuwapo.

Viganja vilifanywa kama kazi ya ziada. Ni vigumu kuliko migongo ya mikono, na zoezi hilo linafaa kuachiwa wenye subira.

Jumamosi, 19 Julai 2025: vitenge, na tatizo la nuru

Vipande vya vitenge vya kulinganishia vilipatikana kwa mafundi cherehani kwa shilingi 5,000 kwa furushi. Kila mwanafunzi alichagua rangi tatu kutoka kipande chake na kutakiwa kuzitoa kwa usahihi. Kipimo ni kadi yenye tundu: rangi hupakwa kwenye kadi ya manila, ikakauka, ikatobolewa tundu dogo katikati, kadi ikawekwa juu ya kitenge. Tundu likipotea machoni, rangi imepatikana. Likionekana, linaonyesha lenyewe kasoro iko upande gani.

Mambo mawili yalikwamisha zoezi. La kwanza ni kukauka. Gundi iliyomo ndani ya akriliki ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, na huwa angavu ikikauka, kwa hiyo rangi iliyolingana na kitenge ikiwa mbichi huwa na giza kupita kitenge ikiwa kavu. Tofauti huonekana zaidi kwenye bluu na kahawia. Hakuna dawa isipokuwa kuchanganya rangi iwe na giza pungufu kidogo kuliko inavyotakiwa, kupaka sampuli, kuiweka mbele ya feni na kusubiri. Wanafunzi hawapendi kusubiri, na ndiyo maana kadi zinazokubaliwa ni zile kavu peke yake.

La pili lilichukua muda mrefu kueleweka. Kadi kadhaa zilizokubaliwa jioni chini ya taa ya chumba zilionekana hazifanani hata kidogo na vitenge vyake zilipotolewa nje kibarazani. Mshukiwa wa kwanza alikuwa kukauka tena, lakini kadi hizo zilikuwa kavu tangu mwanzo. Kinachotokea ni kwamba dawa ya rangi ya kitambaa na pigmenti ya akriliki hazirudishi nuru kwa mpangilio mmoja; zinaweza kufanana machoni chini ya taa fulani, na taa ikibadilika ufanano ukavunjika. Taa ile ilikuwa ya njano, na nuru ya njano huficha tofauti nyingi za bluu.

Balbu mbili za nuru nyeupe, zenye kipimo cha Kelvini 6,500 kilichoandikwa kwenye boksi, zimenunuliwa kwa shilingi 12,000 na zimepunguza tatizo. Hazijaliondoa, kwa sababu nuru ya balbu za namna hii haina uwiano kamili wa nuru ya mchana, na umeme nao una mambo yake. Hukumu ya mwisho sasa hutolewa dirishani, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Lakini dirisha gani? Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji achague dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua halipigi moja kwa moja na nuru haibadilikibadiliki. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Miezi hii ya Juni na Julai jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, na anayefuata ushauri huo atapigwa na jua mezani. Dirisha tulivu kwa sasa ni la kusini. Kufikia Desemba jua litakuwa limevuka utosi na kupita kusini, na meza itabidi ihamishwe. Mwalimu mwenye dirisha moja tu la kaskazini anaweza kutundika shuka jeupe lisilo na maua; la rangi nyingine litapaka rangi yake kila kitu chumbani.

Taarifa nyingine ya siku: karatasi zilizochorwa kwa wino wa printa mwezi Juni na kubandikwa dirishani zimechuja. Majenta imekwenda kwanza, na zambarau zake zimebaki kama bluu ya mwanafunzi aliyesahau kumaliza. Wino huo ni wa kuonyeshea tu, na kazi yoyote inayotakiwa kudumu isifanywe nao.

Jumamosi, 2 Agosti 2025: feni, na kijivu kinachobadilika

Jaribio la kwanza la leo lilikuwa fupi. Sahani ya kadi, nusu njano na nusu bluu, ilifungwa kwenye mhimili wa feni ya mezani iliyotolewa mapanga. Wote walitabiri kijani. Ilipozunguka ilionekana kijivu yenye uvuguvugu kidogo. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha jambo hilohilo kwa sahani za kuzungusha katika karne ya 19: sahani ikizunguka, jicho hujumlisha nuru zinazorudi kutoka pande zote mbili, wakati rangi zikichanganywa sahanini kila moja hupunguza nuru ya mwenzake. Kadi ya kwanza iliruka kwa sababu ilifungwa kwa gundi peke yake, ikapita karibu na sikio la mwanafunzi. Ya pili ilibanwa kwa nati ya feni yenyewe na swichi ikawekwa kwenye kasi ndogo. Anayerudia asikae mbele ya sahani.

Jaribio la pili limechukua siku iliyobaki. Lilitokana na malalamiko ya Julai, kwamba kadi iliyolingana na kitenge kupitia tundu huonekana tofauti ikichorwa ndani ya picha. Kila mwanafunzi alichanganya kijivu kimoja, akakikata miraba na kuibandika juu ya nyekundu, kijani, njano na nyeusi. Juu ya nyekundu kijivu kilionekana kina ukijani. Juu ya kijani kikawa na uwaridi. Juu ya nyeusi kikang'aa. Baadhi hawakuamini mpaka walipobandua miraba na kuiweka pamoja mezani.

Aliyeieleza tabia hii kwa kina ni mkemia Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda ni hafifu. Alipozichunguza hakuona kasoro kwenye dawa; nyeusi ilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kandokando yake. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 1839. Wanafunzi waliokaa na wachoraji wa Tingatinga walilitambua jambo hilo mara moja: ndege mwekundu juu ya kijani hung'aa bila kuongezewa chochote.

Kwa hiyo utaratibu umebadilishwa. Kadi ya tundu inabaki kuwa kipimo cha kupata rangi, lakini kabla ya kuitumia ndani ya picha mwanafunzi anapaka kipande kidogo cha karatasi, anakilaza juu ya picha mahali pake, na kurekebisha hapo. Inaongeza muda, na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 16 Agosti 2025: hesabu, na maji machafu

Kila mwanafunzi sasa ana daftari la mapishi ya rangi: sampuli kavu upande mmoja, vipimo vya bomba upande wa pili, pamoja na alama ya pigmenti inapojulikana. Leo walibadilishana madaftari na kutakiwa kutoa rangi za wenzao kwa kusoma vipimo peke yake. Rangi za mng'aro zilirudiwa vizuri. Kahawia na kijivu zilipotea kidogo karibu kwa kila mmoja, kwa kuwa katika rangi hizo tofauti ndogo ya bluu hubadilisha kila kitu, na bomba la mililita 5 haliwezi kupima kiasi kidogo hivyo kwa uhakika. Suluhisho linalojaribiwa ni kuandaa kwanza bluu iliyopunguzwa makali kwa sehemu tisa za nyeupe au za gundi angavu ya akriliki, kisha kupima kutoka humo.

Gharama zilizoongezeka baada ya Mei ni shilingi 36,000 za wino, 30,000 za majenta, 15,000 za ultramarini, 18,000 za njano ya pili, 3,600 za mabomba, 5,000 za vitenge na 12,000 za balbu, jumla shilingi 119,600. Ukijumlisha na zile za mwanzo, mradi umegharimu shilingi 260,600, sawa na takriban shilingi 21,700 kwa mwanafunzi. Anayetaka kuirudia kazi hii kwa fedha kidogo aache chupa kubwa ya nyekundu na anunue majenta tangu mwanzo, achukue chupa mbili za njano na tubu ndogo tu ya bluu ya fithalosayanini, kwa maana chupa yetu kubwa ya bluu haijatumika hata robo.

Jambo lililosahaulika katika mipango ni maji ya kuoshea brashi. Yalipomwagwa sinki la nyumba, akriliki iliganda kwenye bomba na mwenye nyumba alikuja juu kuuliza. Sasa brashi hufutwa kwanza kwa gazeti, kisha huoshwa kwenye ndoo ya kwanza na kusuuzwa kwenye ya pili. Ndoo hukaa mpaka Jumamosi inayofuata, tope la rangi likashuka chini, maji ya juu yakachujwa kwa kitambaa kizito na kutumika tena kuoshea. Tope hukaushwa juani juu ya mfuko wa saruji, hubanduka kama ganda, na hutupwa pamoja na takataka nyingine.

Hatua inayofuata, kuanzia Septemba, ni kupeleka mapishi haya kwenye rangi ya mafuta kwa wale wawili wanaorudi kwa wachoraji wao. Mazoezi hayo yatafanyika kibarazani.